Pasi ya Kwenda Kulia Lodwar

Ebenyo alimuua nyanya yake Jumatano asubuhi akiwa amekalia pikipiki, mguu mmoja chini, injini bado inanguruma. Hakutumia kisu wala sumu. Alitumia mdomo. Alimwambia mzee Baudouin, mwenyekiti wa bloki, kwamba nyanya amepumzika huko Lodwar, ni homa tu ilimshika, na mazishi ni Jumamosi. Saa hiyo hiyo nyanya mwenyewe alikuwa Nakwamekwi, mtaa wa pale Lodwar, amekaa kwa kivuli cha nyumba yake anasuka kikapu cha majani ya mkoma na kumtusi jirani aliyeachilia mbuzi.

Lakini huwezi kuelewa hiyo kama humjui Malith.

Malith alikuwa fundi wa simu ndani ya kambi ya Kakuma. Kibanda chake kilikuwa mabati machache, paneli moja ya sola, na simu za watu zimelala mezani matumbo wazi. Aliletwa kutoka Sudan Kusini akiwa mgongoni kwa mamake, na sasa alikuwa na ndevu. Ebenyo naye ni Mturkana, kijana wa bodaboda, mtu asiyetulia. Aliacha shule Form Two bila kugombana na mtu, aliamka tu akaona haendi. Akaenda kuvuta nyavu Todonyang, akachoka na samaki. Akaenda kuuzia madereva wa malori maji pale Kalemng'orok, akachoka na vumbi. Akarudi Kakuma kubeba watu, kutoka mjini hadi kambini, kutoka kambini hadi mjini. Mwili wake ulikuwa hivyo, ukisema twende, anaenda.

Hakujua kama hiyo ni mali mpaka siku moja Malith, akiwa ameinamia simu iliyovunjika kioo, akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kupotea.

Ebenyo akamuuliza kupotea aje.

"Kupotea tu. Unatoka, unakata kona, unakata ingine, halafu unasimama unajiuliza, sasa hapa ni wapi? Mimi huku najua mpaka mbwa kwa majina. Nifunge macho, nitafika kwetu na sitakanyaga sufuria ya mtu."

Lodwar alikuwa ameiona mara moja, kwa dirisha la ambulensi, akiwa mtoto mgonjwa. Alikuwa anakumbuka ukuta wa manjano na mwanamke anakula mahindi. Ni hayo tu. Mji uko hapo, barabara ni lami mpaka mwisho, na yeye miaka yote amebeba ukuta mmoja wa manjano kichwani.

Basi wakaanza kupanga. Jioni Ebenyo akimaliza kubeba watu anaegesha pikipiki kando ya kibanda na maneno yanaanza. Wikendi moja, watu wawili, mji. Ebenyo alianza na zile za kila mtu, sanamu ya Yesu pale juu ya kilima, halafu washuke Eliye waone ziwa. Malith akakataa zote mbili. Alisema hizo picha amezitengeneza kwa simu za wateja mpaka macho yamechoka, kila mtu amesimama palepale, amenyoosha mikono vilevile, na miwani ni ya kuazima. Yeye alitaka Lodwar ya watu wa Lodwar. Alitaka kuona samaki wakavu wa kutoka Kerio wakishushwa asubuhi na akina mama wakigombania magunia. Alitaka kuingia mto Turkwel mpaka magoti. Alitaka kukaa hoteli ya nyama aletewe mbavu kwa ubao, na pale ndani pasiwe na mtu anayejua yeye ni mtoto wa nani na anakaa zoni gani. Na Jumapili alitaka kuingia kanisa lolote, akae kiti cha nyuma, mtu wa kando amuulize unatoka wapi, naye ajibu, hapo tu.

Hiyo ya mwisho ilimchekesha Ebenyo sana. Akaangalia akaona Malith hacheki.

Shida ilikuwa pasi. Mkimbizi hatoki kambini hivihivi, lazima awe na pasi ya kusafiri, na pasi inataka sababu. Malith alienda akapiga foleni. Kijana wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Akamuuliza anaendea nini Lodwar, hospitali, shule, biashara, ama msiba. Malith akasema anaenda kutembea. Yule kijana akamwangalia kama mtu ambaye angependa kusema ndio, akamwambia pole ndugu yangu, kutembea haiko.

"Msiba iko," Ebenyo akasema jioni hiyo.

Malith akaweka bisibisi chini. Akasema kwao kifo haichezewi. Ebenyo akasema hata kwao haichezewi, lakini nyanya mwenyewe kila siku anasema amechoka, anangoja kuitwa tu, kwa hivyo hii si kumwitia mbaya, ni kumtangulizia. Malith akauliza kama ni mgonjwa.

"Mgonjwa? Huyo akikushika mkono utalia."

Mteja akaja, Malith akamhudumia, akaenda. Halafu akasema sawa, lakini mama asisikie. Wakaelewana hivyo.

Kitu walisahau, ama walijifanya wamesahau, ni kwamba kwa bloki ile kifo hakina mwenyewe. Pale kuna watu wa Bor, wa Bujumbura, wa Bukavu, na kila mmoja alikimbia akaacha kilio nyuma hajakimaliza. Kikitokea kilio karibu, wanakikimbilia kama watu waliosikia maji yametoka kwa mfereji.

Kwa hivyo Jumatano ile, Ebenyo alipomwambia mzee Baudouin, alikuwa anangojea pole moja na sahihi ya kupeleka ofisi ya pasi. Mzee alikuwa anakata vitunguu. Alisimama, akavua kofia, akamshika Ebenyo kichwa na mikono miwili akamwombea palepale juu ya pikipiki, kwa Kiswahili chake cha Kongo, akimkumbusha Mungu kwamba huyu mutoto amebaki bila nyanya. Vitunguu vikamwingia Ebenyo machoni. Mzee akaona machozi, akaomba zaidi. Alipomaliza akauliza jina la marehemu.

Hapo Ebenyo hakuwa amejitayarisha. Angeweza kutunga jina, lakini kichwani halikuja hata moja. Akasema, "Akuwam."

Lilikuwa jina la nyanya la kweli. Wazee wa Kiturkana wanasema neno baya likitoka linaenda kumtafuta mwenyewe, na likimkosa linarudi kwa aliyelituma. Ebenyo alijiambia yeye si mtu wa mambo ya wazee. Lakini aliweka gia vibaya, pikipiki ikaruka, akakosa kidogo tu kugonga pipa la maji.

Jioni kwa maombi mzee Baudouin akatangaza. Alifanya vile mwenyekiti mzuri anafanya. Akasema rafiki wa Malith, yule kijana wa pikipiki anayetubebea wagonjwa, amepoteza mzazi mkubwa, na Malith atatuwakilisha mazishini. Mamake Malith, Adhieu, alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Ijumaa pasi ilikuwa imetoka. Ebenyo alienda kumchukua Malith wakanunue viatu, akiwa anapiga mluzi, na mluzi ukamkatikia mlangoni. Kwa Adhieu kulikuwa kumejaa. Wanawake wamekaa mikekani, wengine wanaimba chinichini, na katikati kuna debe la plastiki ambalo kila anayeingia anamimina kitu. Sukari. Miezi hiyo mgao wa chakula ulikuwa umekatwa mpaka watu walikuwa wanachemsha maji na majani wanaita chai, lakini hawa walikuwa wamekuja na sukari. Huyu kwa kikombe, huyu kwa karatasi, huyu amefunga kwa kona ya leso. Mathilde, mama mmoja wa Burundi ambaye Ebenyo alikuwa amewahi kumbeba akiwa na uchungu wa kuzaa, alimimina yake, akakung'uta karatasi, halafu akalamba kidole kwa haraka akidhani haonekani.

Ebenyo alimwona, na alitamani angekuwa ameangalia pengine.

Adhieu aliinuka. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alimshika Ebenyo mkono na hakuuachilia, akamwambia kwamba kesho wanaenda watatu. Ameongea na mwenyekiti, mwenyekiti ameongea na ofisi, na ofisi haikuuliza mengi. Ebenyo akaanza kusema safari ni mbaya, jua ni kali, kule kwao hakuna mahali pa kulala mtu mzima. Adhieu akamwacha amalize yote.

"Mama yangu alikufa Bor, wakati ya maji," akasema. "Mimi nilisikia kwa simu. Nilikaa hapa, kwa hii mkeka. Kaburi sijui. Watu wanasema iko chini ya maji. Mkono yangu haijatupa mchanga kwa mama. Sasa wewe ni mtoto yangu. Nitaenda nitupe kwa yako."

Wanawake wakaitikia kwa sauti ndogo. Ebenyo akasema asante mama. Ndio neno lilitoka, asante.

Nyuma ya kibanda cha simu yeye na Malith waligombana kwa kunong'ona, na ndiyo mara ya kwanza walikuwa wamewahi kugombana. Malith alisema amwambie. Ebenyo akasema ni mama yako. Malith akasema ni nyanya yako, na mdomo ulikuwa wako. Ebenyo akasema si tulikubaliana wote. Malith akakubali, akasema hata yeye yuko ndani, hajatoka, lakini akimwambia mama hapa, na hizo nyimbo, na hiyo sukari, mama hatawahi tena kuangalia mtu wa hii bloki machoni. Kama ni kumwambia, aambiwe mbali na watu. Ebenyo akaapa atamwambia njiani.

Jumamosi asubuhi Adhieu alitoka amevaa nguo nyeusi, amefunga debe la sukari kwa kitambaa, na hakuwa amekula. Alisema atakula baada ya mazishi. Wakaingia kwa Probox ya abiria, yeye mbele, wao nyuma na magunia. Ebenyo alihesabu maneno kichwani. Alipanga kusema wakipita daraja la kwanza. Daraja likapita. Akapanga kusema wakisimama kwa kizuizi cha polisi. Walisimama. Askari alichukua pasi, akasoma sababu, akavua miwani ya jua na kuinama dirishani, akamwambia Adhieu pole sana mama, Mungu awatie nguvu. Akafungua njia mwenyewe. Baada ya hapo Ebenyo angesema nini? Na dereva naye akazima redio, kwa heshima.

Alijaribu kupigia jirani wa nyanya. Simu imezimwa. Akajaribu tena, imezimwa. Hapo ndipo hofu ingine ilianza. Je, kama neno lilimpata? Mtu mzee, jua hili, maji ya kisima. Alimwona nyanya amelala kando ya kikapu, majani bado mkononi. Akafunga macho aitoe hiyo picha.

Na kabla haijatoka, kwa muda mdogo sana, Ebenyo alitamani iwe kweli. Wafike wapate watu wamekaa nje. Adhieu apate kaburi lake, pasi iwe pasi ya kweli, na yeye asiwe mwongo. Ilikuja ikapita kama nzi. Lakini alikuwa ameiona na alijua ni yake. Alimwangalia Malith aone kama alikuwa ameisikia. Malith alikuwa amebandika paji la uso kwa kioo, anaangalia Lodwar ikija, milima midogo, mabati ya kwanza, na uso wake haukuwa na furaha hata kidogo.

Waliposhuka Nakwamekwi, Adhieu akauliza nyumba ni ipi, kwa sababu kilio hakianziwi mlangoni, unaanza ukiwa mbali ndio wenyewe wajue umekuja kwa machungu. Ebenyo akafungua mdomo. Kilichofanya kazi ni mkono, ukanyooka wenyewe, ukaonyesha. Adhieu akaanza kulia. Alilia kwa Kidinka, sauti ndefu inayopanda na kukatika, akitembea wima na debe kichwani. Watoto wakaacha mpira. Majirani wakatoka, wakaulizana kwa nani, ni nani, maana asubuhi wote walikuwa wameamkiana wazima.

Nyanya Akuwam naye akatoka, shanga zake zote shingoni, sindano ya kusukia mkononi, kuangalia ni nani amekufa.

Adhieu alimwona mwanamke mzee mbele ya ile nyumba. Akatua debe, akapiga magoti mchangani, akamshika miguu. "Pole mama," akasema. "Pole kwa dada yako. Pole."

Nyanya hajui Kiswahili cha kutosha. Alimwangalia mjukuu wake juu ya kichwa cha yule mgeni, akamuuliza kwa Kiturkana huyu ni nani, na nani amekufa kwangu bila mimi kuambiwa.

Hakukuwa na daraja lingine la kungoja. Ebenyo alichuchumaa chini, akamgusa Adhieu bega. "Mama. Huyu ndiye nyanya. Hakufa. Nilidanganya ndio Malith apate pasi, tuje kutembea."

Kilio kilikatika katikati ya pumzi. Adhieu alibaki ameshika miguu ya mtu mzima, akiiangalia, vidole vyenye vumbi, bangili za chuma kwa kifundo. Halafu aliiachilia polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichookota. Nyanya akauliza tena, mkali sasa, anasema nini, mbona amenyamaza. Kwa hivyo Ebenyo akasema mara ya pili, kwa lugha ya mama yake, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Ata, nyanya yangu, nilisema umekufa."

Majirani walisikia. Mmoja alishika mdomo. Nyanya alifikiria.

"Nilikufa na nini?"

"Homa."

"Homa," nyanya akasema. "Nimepita njaa zote za hii nchi. Nimepita Wapokot na bunduki. Halafu wewe unaniua na homa." Akatema mate kando, mbali na Ebenyo, na kwa Waturkana mate ya mzee ni baraka, kwa hivyo kila mtu aliona yalienda wapi na hayakuenda wapi.

Malith alikuwa amesimama nyuma. Alijaribu kusema kitu kwa Kidinka, Adhieu akamkatiza kwa kuinua mkono. Mama alipanguza uso na kitambaa cheusi. Hakupiga kelele. Ebenyo angemshukuru kama angepiga.

"Umenipatia kaburi," akamwambia, "halafu umeninyang'anya."

Nyanya akataka kujua hilo neno. Ebenyo akamweleza yote, Bor, maji, simu, mkeka, mkono ambao haujatupa mchanga. Alipomaliza, nyanya alimwangalia huyu mwanamke mrefu aliyetoka Kakuma bila kula, kumlilia mtu asiyemjua. Akamwambia Ebenyo alete kiti cha ngozi, si kile cha plastiki. Akamshika Adhieu mkono akamwinua. Akasema kilio kikishafika kwa boma hakifukuzwi, kinaulizwa kinatafuta nani. Mama yake aliitwa nani?

"Abang," Adhieu akasema.

Kuna jirani mmoja mwenye roho nzuri aliyesema basi wachukue mawe, waende kando ya mto, wapange hata kaburi dogo, mgeni atupe mchanga wake roho itulie. Ebenyo alitafsiri hiyo kwa haraka, karibu kwa furaha, maana ilikuwa kama mlango. Adhieu akatikisa kichwa. Akasema uongo wa leo umetosha. Kaburi la mama yake liko Bor, na kama ni maji, ni maji.

Kwa hivyo walikaa tu, wanawake wawili chini ya kivuli kile, na lugha hakuna. Ebenyo alipotaka kuinuka awaletee maji, nyanya akasema mwenzake, Malith, alete, yeye akae hapo katikati. Mdomo uliomuua utafanya kazi.

Ulifanya kazi siku mbili. Adhieu alianza kidogokidogo, kwa Kiswahili cha kambi, na Ebenyo akigeuza. Sasa mtu akitafsiri hasemi, huyu anasema mama yake. Anasema vile imesemwa. Kwa hivyo Ebenyo alijikuta anasema mbele ya nyanya yake, mama yangu alikuwa anaimbia ng'ombe jina kila mmoja. Mama yangu alikataa kutoka kwa nyumba maji yakija. Alipanda juu ya tuta na mbuzi, akaishiwa na nguvu, watu wengine wakamshika mkono, mimi sikuwako. Nyanya anaitikia, anauliza, mbuzi walikuwa wa rangi gani, nani alimfunga kitambaa. Ebenyo anarudisha swali, anachukua jibu. Mahali pengine sauti yake ilikataa na Adhieu akamngoja, hakumhurumia, alimngoja tu, halafu akaendelea. Yeye mwenyewe Ebenyo mama yake alikufa akiwa mdogo na hakuna mtu alikuwa amewahi kumkalisha aulizwe hivyo. Lakini hakusema hiyo. Hiyo haikuwa siku yake ya kuhurumiwa.

Jioni nyanya alichinja mbuzi. Adhieu alikula, kutoka mkono wa nyanya, kutoka mkono wa majirani. Chai ambayo Ebenyo alimmiminia ilikaa mpaka ikapoa, akaimwaga kwa adabu nyuma ya nyumba.

Jumapili Malith aliambiwa na mamake aende atembee, si ndio ilimleta. Haikuwa ruhusa, na haikuwa tusi kamili. Alienda peke yake. Alirudi kabla ya jua kupanda vizuri, suruali imeloa mpaka magotini. Ebenyo akamuuliza kwa sauti ndogo ilikuwa aje, alipotea?

"Nilipotea," Malith akasema. "Nikaona nimekaa tu pale kona, nangoja mtu wa kumwambia."

Ebenyo alitaka kusema pole, akaona hilo neno amelipokea kwa uongo wiki nzima.

Wakati wa kurudi ulipofika, Ebenyo aliinua lile debe la sukari alipeleke ndani, na nyanya akamzuia na fimbo. Akauliza hiyo ni ya nini. Akaambiwa. Akasema hawezi kunywa chai ya matanga yake mwenyewe, na tena ya watu wenye njaa. Irudi. Alimbariki Adhieu, akamtemea mate kifuani na kichwani, akambariki Malith pia. Kwa Ebenyo alisema tu aje mwezi ujao, aje kwa miguu yake, na asitume habari mbele.

Kwa gari Adhieu alikaa na debe magotini. Nyumba za Kakuma zikaanza kuonekana. Halafu akamwambia Ebenyo kwamba ni yeye Ebenyo atairudisha sukari kila mlango, na kwa kila mlango atasema kwa mdomo wake. Yeye Adhieu atatembea nyuma, ndio watu waone hakujua. Malith akasema atabeba debe. Mamake akamwambia yeye ana yake na ataisikia nyumbani.

Walianza na mzee Baudouin. Alisikiliza yote amevaa kofia. Hakukasirika vile Ebenyo alikuwa amejitayarishia, alizeeka tu kidogo palepale kwa kiti.

"Mwana yangu," akasema, "siku mutu atakufa kweli hapa, mimi nitaenda kwa ofisi na mudomo gani?"

Mzee akasema kesho ataenda ofisini mwenyewe aseme ukweli, na Malith asahau pasi kwa muda ambao hajui ni mrefu kiasi gani, na kama mwingine atanyimwa yake kwa sababu hiyo, wamwombe Mungu isiwe wakati wa kifo. Halafu akaaga. Sukari hakuwa ametoa, kwa hivyo hakuchukua.

Shida ya sukari ni kwamba ilikuwa imechanganyika. Ya nani ni ipi, hakuna aliyejua. Ebenyo alisimama kwa mlango wa Mathilde na debe limefunguliwa, Adhieu hatua chache nyuma kwenye ua, mikono imekunjwa. Akasema. Nyanya hakufa, nilidanganya, hii ni yako, chukua kiasi ulichotoa. Mathilde alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto amemshikilia nguo. Alimwangalia Adhieu, Adhieu akaangalia chini. Akaingia ndani, akatoka na bakuli, akachota kidogo, kidogo kuliko ile Ebenyo alimwona akimimina, akasema hiyo ingine wapatie wenye watoto wengi.

Halafu akauliza nyanya anaendelea vizuri.

"Ejok," Ebenyo akasema. "Yuko mzima."

Mathilde akasema Mungu ashukuriwe, na alikuwa anamaanisha. Ebenyo alisimama pale akingoja atukanwe, afukuzwe, kitu chochote. Mathilde akamwambia afunike debe, nzi wataingia. Adhieu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlango unaofuata, na milango ilikuwa bado mingi.